Ng'ombe wa Mama Namahoro

Siku ile nilikuwa na ndagala wangu mchangani, na kunguru nao walikuwa na mimi. Ukianika samaki hapa Lweba, pwani ya ziwa, huna kazi nyingine: unageuza, unafukuza kunguru, unamtukana yule aliyekwisha kuiba, unageuza tena. Mume wangu Etabo alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mtumbwi, anashona wavu na kuimba wimbo wa kanisa. Mungu alimpa mume wangu mabega, akampa mikono, akampa macho makali, lakini koo aliliacha hivyo hivyo. Nikamwambia, "Baba Neema, kunguru bote bamekimbia, unaweza nyamaza sasa." Akacheka, akaongeza sauti.

Nataka mumjue hivyo kwanza, akiimba vibaya na sindano ya wavu mkononi, kabla sijasema alikuwa nani zamani.

Zamani Etabo alikuwa mtu wa porini. Alibeba bunduki, aliongoza vijana, na kazi yao kubwa ilikuwa kupanda milima ya Minembwe na kushuka na ng'ombe za watu. Nyumba yangu ilikula nyama nyingi wakati ule. Na mimi nililala na mwanaume anayeshika panga kila jani likianguka juu ya bati, anayekunywa lutuku, ile pombe yetu kali ya mihogo, mpaka hajui mlango uko upande gani. Watu walinisalimia kwa heshima sana. Ilikuwa heshima ya woga, na mimi niliijua.

Halafu siku moja alikwenda mjini Baraka, mvua ikamkuta karibu na soko, akaingia kanisani kujikinga. Ndiyo hivyo tu. Aliingia kwa ajili ya mvua, akatoka mtu mwingine. Aliporudi nyumbani aliniambia, "Mama Neema, nimeokoka." Nikamjibu, "Haya, tutaona kesho." Kesho ikafika, akaamka bila kuuliza chupa. Bunduki aliirudisha kwa wenyewe. Walipombatiza ziwani alikata uzi wa dawa aliofungwa mkononi kule porini, ule unaosemwa kwamba risasi haikupati, akauacha uende na maji. Kijiji kizima kiliona. Wengine walisema anaigiza. Mimi nilingoja tu, kila siku, kuona kama yule Etabo wa kwanza atarudi.

Neno alilolipenda lilikuwa moja. "Hapa tuko bapangaji, Mama Neema. Nyumba yetu iko juu." Nami nikamwambia, "Basi, mupangaji, panda juu ya paa, inavuja." Akapanda, akaziba, akashuka akiimba.

Mwisho alifanya jambo lililonitetemesha. Alipanda milimani peke yake, mikono mitupu, akaenda kwenye nyumba alizozinyang'anya kuomba msamaha. Nilijua nitaletewa maiti. Akarudi mzima, amekonda, miguu imevimba. Alinihadithia habari za mjane mmoja, Mama Namahoro, ambaye yeye Etabo alimalizia zizi lote. Mama yule alimwangalia sana, kisha akamwambia ukweli: "Huku tukitaka mutoto anyamaze, tunamuambia, Etabo anakuja." Baada ya kusema hivyo akaagiza aletewe maziwa. Etabo alikunywa akilia. Kule kwao ukishakunywa maziwa ya nyumba, wewe si mtu wa nje tena.

Sasa turudi kwa ndagala wangu. Siku ile ile, jua likiwa kichwani, tuliona moshi kule juu. Si moshi wa kuchoma shamba. Watu wa hapa tunajua tofauti, bahati mbaya. Kwa siku kadhaa bunduki zililia milimani, na motari, wale wa pikipiki, waliotoka Baraka walikuwa wanapita mbio hawasimami kwa abiria. Kisha watu wakaanza kushuka, na kati yao akaja mwanamke mrefu, mwembamba, shuka limechanika, anavuta ng'ombe mmoja mwekundu mwenye mimba. Alikuwa anauliza nyumba ya Etabo.

Majirani walishika midomo. Hakuna mtu wa milimani aliyewahi kuulizia nyumba yetu kwa amani.

"Ni mimi, Namahoro," alisema. "Nimebaki na hii moja tu. Inaitwa Gaju. Mi naenda ng'ambo ya ziwa, na boti haibebi ng'ombe. Nani mwingine ninamujua huku chini?"

Fikiria, jamani! Kati ya watu wote wa ziwa hili, anamletea ng'ombe wake wa mwisho yule aliyemwibia wote wa kwanza. Etabo alipokea kamba kwa mikono miwili, namna mtu anavyopokea mtoto mchanga.

Mama Namahoro alikaa kwetu akingoja boti. Nilimpa bukari, ugali wetu wa mihogo, na ndagala, mboga nzuri ya mgeni, akageuza uso. Kwao samaki hawaliwi. Akala sombe, majani ya mihogo. Mawimbi yakipiga pwani alikuwa anashtuka na kupaza sauti, "Yampaye inka Semahoro!" Nilimuuliza hiyo ni nini. Akanieleza kwamba kwao mtu akikupa ng'ombe, jina lake linakaa mdomoni mwako. Ukishtuka, ukiapa, ukishangaa, unasema: alinipa ng'ombe fulani. Semahoro alikuwa shemeji yake, ndiye aliyempa ng'ombe wa kwanza alipoolewa. Nikamwambia sisi tukishtuka tunasema "Mama yangu!" tu, na wala hakunipa ng'ombe. Tulicheka sana wawili.

Kulikuwa na ng'ombe mwingine mwenye maziwa aliyepitishwa kwetu na watu wengine wa juu, wakiwa njiani kwenda Baraka, na kwa huyo ndipo Etabo alifundishwa kukama. Mama Namahoro alisimama mbali akielekeza kwa mdomo tu, maana kwao mwanamke hakami. Etabo alikaa upande usiotakiwa, akapigwa teke, akaanguka ndani ya majani ya mihogo, mtu aliyekuwa anaogopwa tangu Fizi mpaka Minembwe! Maziwa yalipopatikana nikayapokea kwa furaha, nikayamimina kwenye sufuria yangu ya ndagala. Mama Namahoro alishika kichwa kama amefiwa. Kumbe maziwa na samaki havikutani, ng'ombe anaweza kukauka. Siku hiyo Etabo alichonga chombo cha mti, akakitundika juu, akaniambia, "Hiki usikiguse na mikono yako ya ndagala." Nyumbani mwangu mwenyewe!

Boti ikaja. Mama Namahoro aliongea na Gaju kwa lugha yao, muda mrefu, kisha akapanda bila kugeuka.

Gaju alizaa. Etabo akawa mvuvi mchunga ng'ombe, kichekesho cha pwani. Walimwita "Munyaminembwe", mtu wa Minembwe. Alifurahi na jina hilo. Aliwatafutia majani, aliwaogesha ziwani, aliwaimbia kwa ile sauti yake na hawakukimbia. Maziwa tulikunywa, ndiyo, mwenyewe alituruhusu. Lakini watu walipokuja kununua ndama alikuwa anawajibu, "Hii iko ya mwenyewe. Mi niko naye kwa muda tu." Halafu akinitazama: "Kama vitu vyote, Mama Neema."

Walikuja mchana.

Nilikuwa tena na ndagala mchangani. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milima, nikiwaza kuanua. Niliona vijana wenye bunduki wakishuka kutoka barabarani, na mbele yao kijana mmoja niliyemjua. Huyo alikula kwangu zamani. Etabo ndiye aliyemfundisha kushika silaha.

"Yaya Etabo," alisema. Bado alimwita kaka mkubwa. "Tumesikia unachunga ng'ombe ya adui."

"Ninachunga ng'ombe ya mama moja mujane."

"Tunaitaka."

Etabo alisimama. Hakupandisha sauti. Akawaonyesha mtumbwi, wavu mpya, injini, mbuzi zetu zilizofungwa nyuma ya jiko. "Hivi vyote viko vyangu. Chukueni. Sikatae kitu. Lakini ile ng'ombe haiko yangu, siwezi kuitoa."

Wakachukua injini. Wakachukua mbuzi. Nilidhani imekwisha.

Yule kijana hakuondoka. Aliona aibu mbele ya wenzake, na aibu ya mtu mwenye bunduki ni kitu kibaya. Akachukua bunduki ya mwenzake, akaiweka mikononi mwa mume wangu.

"Basi ipige we mwenyewe. Ukiipiga, uko wetu, tunakula pamoja kama zamani. Ukikataa, uko wao."

Neema, binti yangu, alikuwa mlangoni. Nilimwona akiziba mdomo.

Etabo alishika ile bunduki, na mikono yake iliijua. Bega likapanda, kidole kikaenda mahali pake chenyewe. Miaka yote nilikuwa nangoja kuona kama yule wa kwanza atarudi. Nikasema moyoni, ndiyo huyu, amerudi.

Nilitaka apige. Nasema kweli mbele ya Mungu. Ng'ombe ni ng'ombe. Nilitaka mume.

Alitoa risasi ndani, moja moja, akaziweka mchangani. Akalaza bunduki juu ya zile risasi, taratibu.

"Unakufia ng'ombe, Yaya?" kijana akamuuliza.

"Hapana, mudogo wangu. Mi sirudie kule nilitoka, ni hiyo tu. Weye pia unaweza toka. Mulango iko wazi."

Kisha akanigeukia mimi. Nilingoja neno kubwa. Akaniambia, "Mama Neema, anua ndagala, mvua inakuja."

Ndivyo alivyosema. Uso wake ulikuwa mtulivu kama mtu anayetoka kwenda Baraka na atarudi jioni.

Wakapiga.

Walimchukua Gaju na ndama wake. Chombo cha mti waliacha.

Mvua ikaanza. Mimi nilianua ndagala. Majirani walidhani nimerukwa na akili, wakanivuta, nikawasukuma. Mume wangu alikuwa amenituma kazi, na nilipomaliza ndipo nilipomwendea pale mchangani, nikakaa chini, nikaweka kichwa chake juu ya kitenge changu, nikalia mpaka sauti ikakauka. Ndagala wale wale ndio waliokuliwa msibani.

Watu wa kanisa walikuja na nyimbo. Wengine walininong'oneza: amekufa bure, kwa mnyama wa watu wengine, na hata mnyama mwenyewe ameliwa. Mimi niliwajibu wazi, na mnajua mdomo wangu. Nikawaambia: wote mliniamkia kwa heshima alipokuwa anaua. Leo amekufa bila kuua, mnamwonea huruma? Huruma yenu pelekeni kwingine. Mimi ni mke wa Etabo.

Lakini nisijifanye chuma. Mtumbwi ulioza pwani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuusukuma. Paa lilivuja tena, na sikutaka kumwita fundi. Kuna asubuhi nilimkasirikia, nikamwambia hewani, "We mupangaji, umehama, umeniacha na nyumba." Najua alipo. Kujua hakujazi kitanda. Mambo yote mawili ni kweli, na nayabeba yote mawili.

Miaka imepita. Vita haijaisha vizuri, inakwenda, inarudi. Mwaka huu, wakati wa jua, boti kutoka ng'ambo ilishusha watu, na Mama Namahoro alikuwa kati yao, amezeeka, anatembea na fimbo. Nilimtambua kwa urefu wake. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu siku ya msiba: ng'ombe wako tulishindwa kumlinda, utusamehe.

Nilimkalisha ndani. Nikamletea sombe, ndagala nikawaweka mbali. Hilo vita haikulibadilisha. Nikamwonyesha chombo cha mti, kipo pale pale juu, sijakigusa na mikono yangu. Nikafungua mdomo niseme yale maneno yangu.

Pale pale mfuniko wa sufuria ukamponyoka Neema jikoni, ukaanguka kwenye saruji. Mama Namahoro akaruka kwenye kiti.

"Yampaye inka Etabo!"

Neema akatokea mlangoni na mikono yenye unga.

"Umesema nini, mama?" nikamuuliza.

Akashusha macho, kama mtu aliyekamatwa. Akasema habari zilimfikia zamani kule ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi, watu waliovuka walimhadithia yote, mpaka neno la mvua. Tangu siku ile jina la Semahoro likatoka mdomoni mwake lenyewe, likaingia lile lingine.

"Lakini mama," nikasema, "Etabo hakukupa ng'ombe. Alikuchukulia zako zote. Na ile ya mwisho ikaliwa mikononi mwake."

"Najua hesabu ya ng'ombe zangu, Mama Neema," alinijibu. "Na bajukuu bangu banaapa vilevile. Kambi nzima banasikia."

Kule juu jina la mume wangu lilikuwa la kunyamazishia watoto. Sasa watoto wenyewe wanalitaja wakishtuka, kwa sauti, bila woga, kama jina la mtu aliyewapa kitu.

Nikamwambia Neema aokote mfuniko, alete bukari ingali moto. Tukala.