Mama Alikunywa Kwanza

Mwaka ule surua ilipoingia mtaa wa Huruma, mama hakungoja ifike kwetu Umoja. Aliomba majani ya mwarobaini kwa jirani yetu Mkamba, aliyetoka nayo kwao, akayachemsha kwenye jiko la makaa mpaka maji yakawa meusi.

"Hii inaamsha damu," alisema. "Surua ikija itakuta askari wako macho."

Mama hakumpa mtoto dawa ya miti shamba kabla ya kuinywa yeye. Alimeza kikombe kizima cha bati mbele yetu, akakunja uso, akapangusa mdomo kwa leso. "Mmeona? Niko hai." Kisha akamjazia ndugu yangu wa miaka miwili kikombe kilekile.

Mimi nilichezea ukosi wa sare. Habari ya askari wa damu nilikuwa nimeisoma kwenye biolojia, haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kikombe. Mkono wa mama peke yake ulikuwa mnene kuliko paja la mtoto.

"Mama, si yeye ni mdogo?"

"Ndiyo maana anataka nguvu, daktari wa kidato cha pili."

Nikachukua mkoba nikaenda shule, lakini sikutulia. Nilikuwa darasani huku masikio yangu yako nyumbani. Baada ya siku chache mtoto alianza kutapika, halafu akalegea. Ukimwita anakuangalia kama hakujui. Mama akamfunga mgongoni, tukakimbia zahanati.

"Amekula nini?" sista aliuliza.

"Uji tu."

"Hakuna dawa mmempa?"

"Hakuna, sista."

Wamama waliotaja miti shamba pale walikuwa wakifokewa mbele ya foleni nzima. Mama alinikanyaga kidole hata kabla sijafungua mdomo. Na mimi nilikuwa mtu wa kushindwa kuitikia jina langu darasani. Lakini macho ya mtoto yalikuwa yanageuka.

"Mwarobaini," nikasema. "Kikombe kizima. Asubuhi na jioni."

Sista hakufoka. "Kikombe cha ukubwa gani?"

Nikaonyesha kwa mikono. Mama, ameinamisha kichwa, akaishika mikono yangu akaipanua kidogo.

Mtoto alilazwa, akatundikiwa maji, akarudi nyumbani akililia chapati. Mama aliendelea kunywa mwarobaini wake, peke yake, amesimama mlangoni. Nami kila nikitoka shule, kabla ya kuweka mkoba chini, nilichungulia kwanza kikombe cha mtoto, nikakinusa.