Blanketi Jekundu la Agatha

Nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni huko juu Uluguru, ambako Julai baridi hugonganisha meno. Agatha, mpishi wetu, aliniazima blanketi lake jekundu, nami nikaanza kujiona mchumba.

Kisha akaja fundi kutoka Morogoro mjini, akafunga mashine ya kupasha vyumba joto. Agatha akamwandalia chai ya maziwa. Mimi siku zote hupewa ya rangi!

Kwa wivu nikaikagua mashine. Sanduku lake la nje lilikuwa linapuliza baridi kali. Mimi, niliyeishia darasa la tano, nikaamua fundi amekosea. Nikalifunika sanduku kwa blanketi nizuie baridi ile, Agatha ajue nani mtaalamu. Baada ya muda vyumba vikapoa. Badala ya kujishuku nikapiga kelele:

"Agatha, njoo umwone fundi wako, tapeli!"

Fundi alizunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata.

"Sanduku hili huvuta joto kutoka hewa ya nje na kulipeleka ndani," akasema. "Hewa ikishanyang'anywa joto, hutoka baridi. Sasa nani kaliziba?"

Akainua blanketi.

Agatha alinitazama, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe, kaka fundi. Hilo ni langu."