Kumi na Mmoja Waliotolewa Kwenye Wastani

Nilikuwa nambari thelathini na nane katika darasa la watu arobaini na mmoja. Nasema mapema ili nisidhaniwe kuwa nilikuwa hodari aliyeonewa. Hesabu zilinishinda. Shule yetu ilikuwa ya binafsi, ghorofa mbili za chini za jengo la kupanga kule mtaa wa Pipeline, na wapangaji wa juu walianika nguo zilizotudondoshea maji tukiwa paredi.

Mwanzoni mwa darasa la nane, mwalimu mkuu alituita kumi na mmoja ofisini kwake. Alikuwa mpole siku hiyo. Alisema tutaendelea kusoma pale pale, ila mtihani wa mwisho tutaufanyia katika shule nyingine ndogo upande wa mtaa wa Lucky Summer.

"Kule hamtakuwa na presha," alisema.

Nilimwamini. Wiki ya mtihani tuliagizwa tuache sweta za shule nyumbani, na hapo pia sikuuliza kitu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata alama za kunipeleka sekondari ya kutwa. Mama alifurahi. Alifunga cherehani yake mapema tukaenda kuchukua cheti cha kumaliza shule. Langoni palikuwa na bango refu lenye wastani wa shule, uliopigwa bila sisi kumi na mmoja, na picha za watoto waliofaulu. Mwalimu mkuu alitupokea akiwa amesimama.

"Mama, huyu hakufanya mtihani kwetu. Nendeni alikoandikishwa."

"Amekaa hapa miaka minne," mama alisema.

"Kwa rekodi zetu, hayupo."

Mama alimwonyesha ripoti fomu yangu yenye mhuri wa shule. Hakuitazama. Aliwaita wazazi waliokuwa nyuma yetu. Tulipofika mlangoni mama alisema tu kwamba atapika githeri. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kwamba mtu huyo nitamlipiza kisasi. Sikujua kwa kitu gani hasa, wala kwa njia gani, lakini nilijua.

Watu hushangaa wakisikia kwamba leo nafundisha hisabati. Kidato cha kwanza nilipata mwalimu mwanamke aliyekuwa na mazoea ya kuandika, kwa kila mwanafunzi, maswali aliyokosa. Baada ya mitihani miwili aliniita akanionyesha daftari lake. Kila swali la sehemu, kama tatu juu ya nne, nilikosa, na mengine mengi nilipata. "Wewe hesabu hazikushindi," aliniambia. "Hukufundishwa sehemu." Kwa wiki tatu, baada ya masomo, tulikaa tukifanya nusu, robo na theluthi, na mambo yakafunguka. Ripoti zangu zote za Pipeline zilikuwa na habari hiyo ndani yake, na yule mwalimu mkuu alizisoma mara moja tu, ili kujua ni nani wa kumwondoa.

Sasa niko sekondari moja ya umma, si mbali na Kaloleni, na ndimi msimamizi wa mitihani. Mwaka jana prinsipali wetu alitangaza kwamba atakuja mshauri wa kutufundisha namna ya kutumia matokeo kuinua shule. Mshauri alituma slaidi zake mapema ili nizichapishe. Nilifungua ya kwanza nikaona jina la yule mwalimu mkuu wangu, kisha mstari wa wastani wa shule ya Pipeline ukipanda mwaka baada ya mwaka. Mwaka wetu ulikuwemo, na chini yake ameandika: mwaka wa mafanikio, watahiniwa thelathini.

Nilifunga mlango wa ofisi. Nilikuwa na siku nane kabla hajafika.

Niliwatafuta wenzangu. Wa kwanza ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilimwandikia: "Niaje, ile ripoti fomu ya darasa la saba bado unayo? Na matokeo ya nane?"

"Ninayo. Ya nini?"

"Yule mwalimu mkuu anakuja shuleni kwangu."

Alituma picha kabla sijamaliza chai, akaongeza: "Usimwachie kitu."

Nilipata saba. Watatu sikuwapata, kwa hiyo sikuwaingiza, kwa sababu sikutaka aweze kuniambia kwamba nimebuni hata alama moja. Nilijumlisha alama zetu wanane na za wale thelathini, nilizozipata kwa kuzidisha wastani wake, nikapiga wastani upya mara tatu katika jedwali moja. Mwaka aliouita wa mafanikio, shule ilikuwa imeshuka chini ya mwaka uliotangulia.

Siku yenyewe nilimuunganishia projekta mwenyewe. Alinishukuru. Alikuwa amezeeka vizuri, suti ya kijivu, sauti ile ile ya upole. Hakunikumbuka. Alifundisha kwa saa nzima, kisha akafika pale nilipokuwa nikimngojea: tuwatambue mapema watoto wa mkiani, tuwapangie utaratibu mwingine. Niliinua mkono.

"Mwalimu, mwaka huu hapa, watahiniwa walikuwa thelathini?"

"Ndiyo."

"Na darasa la saba, mwaka uliotangulia, walikuwa wangapi?"

"Siwezi kukumbuka. Wengine huhama."

Nilienda mbele, nikachomeka flashi yangu kwenye kompyuta yake, nikaweka picha ya ripoti yangu ukutani. Nafasi ya thelathini na nane kati ya arobaini na mmoja, mhuri wake, sahihi yake. Baada yake nikaweka za wenzangu, moja moja, bila haraka. Mwisho nikauweka mstari niliouchora, unaoshuka.

"Kumi na mmoja walihamia wapi, mwalimu?"

Alikohoa. Alisema mwenye shule ndiye aliyeamua, na kwamba siku hizo kila shule ilifanya hivyo.

"Mimi ni mmoja wao," nilisema. "Ulimwambia mama yangu sipo."

Walimu wenzangu arobaini walikuwa wakimtazama. Aliangalia kompyuta yake, akaanza kuchomoa waya wa projekta, akakosea akashika ule wa umeme. Sikumsaidia. Nilisimama karibu naye mpaka akaupata ule sahihi. Prinsipali alimshukuru kwa kufika, akatutangazia mapumziko, kisha akaniuliza kando, "Sasa wewe ungefanyaje na haya matokeo yetu?" Nilimwonyesha daftari langu la maswali, kila mtoto na anachokosa. Tunalitumia tangu muhula huo. Kuna wavulana wawili waliokuwa wameandikiwa gredi ya chini kabisa kumbe hawaelewi swali likiandikwa kwa Kiingereza. Tuliwapeleka kwa mwalimu wa lugha.

Lakini nisidanganye kwamba nilifanya yote kwa ajili ya watoto. Jioni ile nilimsimulia mama, naye akaacha kushona. Aliuliza suti ilikuwa ya rangi gani. Aliuliza alikohoa mara ngapi.

Yule bwana alinipigia simu mara tatu wiki iliyofuata. Mara ya tatu nilishika.

"Naomba lile jedwali libaki kwenu," alisema. "Nina semina katika shule nyingine mbili."

"Niite kwa jina langu kwanza," nilimwambia. "Nilikaa kwako miaka minne."

Aliniita "mwalimu", halafu akarudia habari za semina zake. Kisha nikakata simu, nikatafuta nambari za walimu wa mitihani wa shule zile mbili, zilizotajwa kwenye slaidi yake ya mwisho, nikawatumia jedwali lote pamoja na ripoti zetu nane.

Sijutii mpaka leo.