Saa Samli Inapokuwa Mafuta

Nilifundisha fizikia Garissa miaka ya tisini, katika shule ya wasichana iliyokuwa na maabara isiyo na gesi wala barafu. Barafu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kitabu kilitaka niwaonyeshe wanafunzi jinsi inavyoyeyuka kwenye nyuzi sifuri, si juu ya hapo wala chini, nami barafu ya kuonyesha sikuwa nayo. Nikabeba kopo la samli kutoka nyumbani. Asubuhi ilikuwa ngumu, kijiko kinasimama ndani yake. Wakati wa chai ilikuwa imelegea. Kufikia adhuhuri, kwa joto letu lile, ilikuwa mafuta matupu. Nilikuwa najipongeza kwa ujanja wangu mpaka msichana mmoja wa kutoka Bura, mbishi kupindukia, aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, imekuwa mafuta saa ngabi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jibu sikuwa nalo. Barafu ina mpaka wake, samli haina. Hulegea kidogo kidogo, na ukichora mstari ukasema hapa ni samli na hapa ni mafuta, mstari huo umeuchora wewe, samli yenyewe haina habari. Chuo kikuu tuliambiwa kwamba watafiti wana jina la mabadiliko ya namna hiyo: krosova. Hali moja inaishia ndani ya nyingine, na katikati pana eneo ambapo zote mbili ni kweli, nusu kwa nusu. Nilimweleza hivyo kwa maneno marefu. Akaketi, lakini uso wake ulisema mwalimu ameshindwa. Nilikasirika, kwa maana hasira zangu huwa karibu, na swali la saa ngapi sijalipenda tena tangu siku hiyo.

Muhula huohuo waliniletea baba yangu kutoka Griftu, juu ya lori la mbuzi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka, na aliufuga kama alivyofuga ngamia, kwa kuuzoea. Mwiba ulikuwa umemchoma kwenye kidole cha mguu. Akakichoma kidonda kwa chuma cha moto, akakifunga kitambaa, akanyamaza. Alipofika kwangu vidole viwili vilikuwa vyeusi na harufu ilitangulia kuingia chumbani.

Hospitalini daktari alikuwa kijana kutoka bara, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi. Nilimuuliza kwa nini wasikate vidole tu. Akaufunua mguu akaniita nitazame, akasema kuna vidonda vinavyokauka na kujitenga, nyama iliyokufa huku na nzima kule, na hapo daktari hupata pa kukata. Huu haukuwa hivyo. Weusi uliingia kwenye zambarau, zambarau kwenye wekundu, wekundu kwenye ngozi ya baba yangu niliyoijua, na hapakuwa na mahali pa kuweka kidole ukasema ni hapa. Aliniambia kwamba akingoja auone mpaka, sumu itakuwa imeshafika kifuani.

Baba alisikia yote. Kiswahili alikijua kwa kuuza mifugo, na alijibu mwenyewe bila kuningoja nitafsiri.

"Daktari, Mungu alinibea miguu mbili. Mimi tarudisha mbili."

Daktari akanitazama mimi. Nilitazama dirishani, walikokuwa wamesimama korongo, wale ndege wakubwa wa jalalani, na nilimchukia kila mmoja, korongo, daktari na baba. Sheria ya pale ilikuwa moja tu: mtu mwenye akili timamu neno lake ndilo neno. Akipotewa na akili, jamaa zake ndio wa kusema. Wazee wa ukoo walikuja, wakanywa chai yangu, wakamsomea dua, wakasema jamaa wa kusema ni mwanawe wa kwanza. Mwanawe wa kwanza, kaka yangu, alikuwa malishoni upande wa Takaba na ngamia waliobaki. Mimi, binti yake, niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, hakuna aliyenitaja.

Simu haikufika Takaba. Tulitumia taar, redio ya mawasiliano, iliyokuwa nyuma ya duka moja la nguo mjini. Unalipa, unakaa kwenye benchi, mwenye redio anaita mji unaoutaka, na kila aliye kwenye benchi anasikia mambo ya nyumbani kwako. Siri haikuwepo na hakuna aliyeitarajia. Mtambo ulikuwa na chaneli ya mchana na chaneli ya usiku, kwa kuwa anga hairudishi mawimbi ya mchana sawasawa na ya usiku. Mwenye redio alihama kutoka moja kwenda nyingine baada ya Maghribi. Katikati ya hapo sauti ilikuwa mbovu kote kuwili, naye aliwaambia wateja kwamba redio nayo inaswali. Watu waliipenda kauli hiyo. Mimi nilijua ni anga tu inayogeuka polepole, chaneli ya mchana inakonda na ya usiku haijanenepa, samli yangu ileile imewekwa juu ya vichwa vyetu. Kujua hakukunisaidia kitu.

Ujumbe ulimfikia kaka kwa lori la sukari. Alipofika kwenye redio ya Takaba jua lilikuwa limeinama. Tulizungumza Kisomali, kwa kelele, benchi zima likitusikiliza. Nilimweleza mguu ulivyo na daktari anavyosema. Akauliza baba mwenyewe anataka nini, nikamwambia. Akauliza kama akili ya baba ipo.

Hapo nilikwama. Homa ilikuwa imempanda siku chache zilizopita. Asubuhi alikuwa baba yangu kamili: aliuliza habari za mvua, alilalamikia uji, alijua ni ngamia gani alikuwa na mimba wakati anaondoka. Alasiri alimwita mama, ambaye tulimzika nikiwa msichana, akimwagiza maziwa. Kati ya asubuhi na alasiri palikuwa na saa ambazo alikuwa yote mawili. Aliweza kutaja jina la waziri sawasawa, halafu akaniomba nifungue zizi. Nilimwambia kaka kwamba sijui. Akapandisha sauti, akaniuliza kusoma kote kule nilisoma nini. Kisha sauti yake ikaanza kukonda, na akasema haraka haraka, kama mtu anayerusha mzigo ndani ya lori linaloondoka:

"Mwambie ahesabu mababu. Akifika mwisho, neno ni lake, usimguse. Akipotea njiani, neno ni langu, na mimi nasema wakate."

Benchi likaitikia kwa kichwa. Waliona ni hukumu ya haki, nami nawaelewa. Kwetu mtoto hufundishwa abtirsi kabla ya kufundishwa kufunga viatu: jina lako, la baba yako, la baba yake, la babu yake, unapanda hivyo hivyo mpaka kwa yule mzee wa kwanza ambaye ukoo wote unaitwa kwa jina lake. Mtu husahau deni, husahau hata mke, lakini mnyororo ule hausahau. Baba ndiye aliyenifundisha mimi, nyuma ya mbuzi, akinipiga kijiti kidogo begani kila nikiruka jina. Wenzake walimcheka kwa kupoteza muda na msichana. Yeye aliwaambia kwamba msichana naye ana kwao.

Lakini nilitoka pale dukani nikiwa na hofu kuliko nilivyoingia. Kaka alisema nimwambie ahesabu, hakusema saa ngapi. Nikimuuliza asubuhi, atafika mwisho na atakufa. Nikimuuliza alasiri, atapotea na watamkata. Mtihani haukuwa wa baba tena. Ulikuwa wa saa, na saa nilikuwa nayo mimi mkononi. Nilitamani yule msichana wa Bura angekuwepo nimzabe kofi, maskini, ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza.

Kesho yake nilikaa tangu alfajiri nikimtazama. Asubuhi nilifungua mdomo mara kadhaa nikaufunga. Alikunywa maji, akaniuliza kwa nini sijaenda kazini, akaniambia serikali hailipi mwalimu wa kukaa. Alikuwa mzima, na sikumuuliza. Daktari alipita, akainua shuka, akaishusha, akaniambia kwa upole kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilimjibu vibaya, na hakustahili. Kufikia adhuhuri macho ya baba yalianza kuwa na ile ngozi nyembamba ya homa, lakini bado alinitambua. Nilisema moyoni, ni sasa, kwa sababu sasa si asubuhi wala alasiri. Nilidhani huko ni kutenda haki.

"Aabo," nikamwambia, "nihesabie mababu."

Akatabasamu. Nilikuwa sijaona tabasamu lake tangu lile lori. Alijikohoza, akaushika mkono wangu, akaanza, na jina la kwanza lililomtoka lilikuwa langu.

Kisha akasema lake. Kisha la baba yake, na la babu yake, akapanda polepole, kila jina mahali pake, hata yale mawili yanayofanana ambayo watu wengi huyachanganya. Hakuruka hata moja. Alifika kwa yule mzee wa kwanza, akanipiga begani kwa kidole, akafumba macho.

Mtu anayehesabu mababu zake huanza na jina lake mwenyewe. Hiyo iliyotoka ilikuwa hesabu sahihi kabisa, lakini haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Kama amefika mwisho, neno ni lake. Kama hajui yeye ni nani, amepotea kwenye hatua ya kwanza kabisa. Nilijaribu kumuuliza tena, mara hii nikimwambia ahesabu ya kwake, lakini homa ilikuwa imemchukua na alimjibu mama.

Jioni, saa ileile ya jana, nilifika kwenye taar nikihema. Mwenye redio alikuwa ananyoosha mkono kuhamia chaneli ya usiku, kaka hajapatikana, na nilimshika mkono huo mbele za watu, jambo ambalo mwanamke wa pale hafanyi. Nilimsihi abaki kwenye ya mchana kidogo. Akabaki, akitazama mlangoni, kwa maana adhana ilikuwa inakaribia. Sauti ya kaka ikaja chini ya mvumo kama mtu anayezungumza ndani ya kisima. Nilimwambia kilichotokea bila kuongeza wala kupunguza. Nilimwambia kwamba amefika mwisho, na kwamba ameanza na mimi.

Mvumo ukapita peke yake. Nilidhani tumempoteza.

"Basi amekupa wewe," kaka akasema.

Nilipiga kelele nikimuuliza amenipa nini, lakini palibaki mvumo tu. Mwenye redio akahamia chaneli ya usiku, na huko nako hakukuwa na mtu. Akaizima, akasema redio inaswali, akachukua kofia yake akatoka. Benchi likatoka naye. Nilibaki na ule mtambo wa kijani, na nilikuwa na hasira na wanaume wote watatu, mwenye redio, kaka, na yule mzee kitandani, kila mmoja amenitupia kamba akaenda zake.

Sikumngoja kaka arudi hewani. Ningeweza kungoja, watu hungoja. Nilirudi hospitalini jioni ile ile, nikamwambia daktari kwamba mwenye neno ni mimi, na kwamba akate. Hakuniuliza nimejuaje. Alinipa kalamu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nilijiambia, na nikatia sahihi kwa jina langu na la baba na la babu, matatu ya kwanza kati ya yale aliyonisomea adhuhuri. Walimchukua kesho yake akiwa amelala kwa homa.

Homa ilishuka. Aliamka siku ya pili, asubuhi, macho yake safi. Alipeleka mkono chini ya shuka, akautembeza polepole, akafika mahali mguu ulipoishia, na mkono ukakaa hapo. Sikutazama kando. Aliuliza ni nani aliyesema. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza yote, kaka na redio na mababu, na jinsi alivyoanza na jina langu. Nilikuwa nalia, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya mwalimu mkuu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza.

"Mimi nilikuwa nakufundisha tu," akasema, akageukia ukuta.

Aliishi miaka mingine, kwa magongo, na aliwaona wajukuu. Nilikuwa nampelekea maziwa na kukaa naye, tukazungumza kila kitu, ngamia, bei, siasa. Alinichongea hata kiti. Lakini sikupata ujasiri wa kumuuliza adhuhuri ile alikuwa anamfundisha nani, yule mtoto niliyekuwa nyuma ya mbuzi, au mimi niliyekaa kando ya kitanda.