Meli Isiyo na Kichwa wala Mkia

Baba yangu aliwadharau makarani. Si kwamba walimkosea. Hakuna karani aliyewahi kumkosea. Alisema tu kwamba karani ni mtu anayelipwa kuandika kwamba watu wengine wamefanya kazi. Yeye alikuwa fundi mitumbwi pale Kirumba, kando ya ziwa, mzaliwa wa Ukerewe, na mitumbwi yake ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za ukindu, bila msumari hata mmoja. Sasa mimi, binti yake wa kwanza, nikaenda kumpenda nani? Karani wa bandarini!

Nilimpenda hasa, na kwa uzee huu sina wa kumficha. Alikuwa mwembamba, mpole, na kaptula yake ya kaki aliipiga pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Lakini baba alikuwa na mtu wake, tajiri mmoja wa ng'ombe kutoka Magu, mwenye wake wawili na meno machache. Karani alipomtuma shangazi yake alete posa, baba alimsikiliza vizuri, akamkaribisha uji, kisha akajibu: "Mwambie mwanao anioneshe kitu kimoja alichotengeneza kwa mikono yake. Kitu cha kushikika, si karatasi. Mvua za vuli zikianza sijakiona, binti anakwenda Magu."

Karani akapeleka jibu siku ya pili. Atajenga meli.

Meli! Nilipoambiwa nilikuwa nakuna nazi, nikajikuna kidole. Mtu ambaye hakuwahi kupigilia hata kigingi cha mbuzi, anajenga meli. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kufika Jumapili, Kirumba nzima ilikuwa ikiulizana meli itashushwa majini lini, na itachukua abiria wangapi.

Kumbe ilikuwa hivi. Mwingereza mmoja aliyeshughulika na mashine za meli pale bandarini alikuwa amehamishwa, na katika kufungasha akamwachia karani sanduku alilotumiwa na ndugu zake. Juu ya sanduku palichorwa meli ya zamani, matanga yake yote yamejaa upepo. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya mbao vilivyokwisha kukatwa, kazi ya mtu ni kuviunga tu mpaka upate meli ndogo ya kuweka mezani. Mchumba wangu aliitazama picha, akaamini, akatangaza. Kufungua sanduku kwanza hakukumjia akilini.

Tulilifungua uani kwa shangazi yake, saa kumi karani alipotoka kazini. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kwenda pale kumsaidia shangazi kupepeta mchele wake wa biashara. Ruhusa ilitoka kwa mama, baba hakuulizwa. Tukapanga vipande juu ya mkeka: mbavu za meli, mbao nyembamba, mapipa matatu madogo kama punje za mahindi, na kamzinga kamoja ka vita. Nikapekua mpaka chini ya sanduku.

"Kichwa chake kiko wapi?" nikauliza.

Karani akakunjua karatasi ya maelezo, akasoma. Akasoma tena. "Inasema hiki ni kipande cha katikati. Meli imekatwa huku na huku, ili mtu aone ndani."

"Imekatwa na nani?"

"Hakuna aliyeikata. Imetengenezwa ikiwa imekatwa."

"Sasa meli ya katikati inakwenda wapi?"

"Haiendi popote."

"Basi mmekutana," nikamwambia. Hasira zilikuwa zimenipanda, na nilikuwa naogopa. Magu niliiona iko mlangoni.

Shangazi hakutaka kusikia habari za karatasi. Alisema ni watu wa posta, wamejichukulia kichwa na mkia wakatubakizia kiwiliwili. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakubadili kauli.

Meli nyingine hatukuwa nayo, kwa hiyo karani akaanza na hiyo hiyo. Gundi ilikuja kwenye sanduku, kipande kigumu kama cha sabuni, unakikata kidogo na kukichemsha kwa maji. Siku ya kwanza aliunga vipande vitatu: viwili kichwa chini miguu juu, na cha tatu kwenye kidole gumba chake. Shangazi alilazimika kumbandua kwa maji ya moto. Nilivumilia siku mbili, ya tatu nikashindwa. "Lete hapa," nikasema.

Kwetu mwanamke hakuruhusiwa kugusa mtumbwi unaojengwa; walisema utapinduka na kuua watu. Mimi nilikuwa nimempelekea baba chakula ufukweni tangu utotoni, nikisimama kando mikono nyuma, nikitazama. Hata hivyo, hakuna mzee aliyewahi kukataza lolote kuhusu vipande vya katikati.

Hapo ugomvi ukaanza. Karani alisoma kwenye karatasi kwamba mbavu hutangulia, mbao zikafuata. Nikamwambia huyo aliyeandika hajui kazi. Baba yangu hushona mbao kwanza, mtumbwi ukapata umbo lake, ndipo mbavu huingia mwisho kuushikilia. Mitumbwi yake ilifika Ukerewe na kurudi. Karatasi yake imefika wapi? Karani akajaribu kusema, "Lakini mpenzi..." Nikamtazama, akaikunja karatasi.

Nikaunga mbao kwanza. Siku nne. Kuja kutia mbavu, zikakataa. Ukisukuma huku, kule kunabenuka. Nikasukuma kwa nguvu, kitu chote kikaachana na kutawanyika kwenye ungo wa mchele. Shangazi akasema taratibu, "Mchele wangu huo." Karani akaanza kuokota vipande kimoja kimoja, na upole ule ndio ulionichoma zaidi. Nikabeba mtungi nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Niliporudi nikakaa chini nikasema, "Soma tena hapo mwanzo." Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yangu, naye alijua, akasoma.

Tukaanza upya, mbavu kwanza. Zikasimama zenyewe zote, nikajua wale walioandika karatasi nao wana akili zao. Lakini asubuhi moja tukakuta gundi haipo. Kumbe hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, na panya wa shangazi walikuwa wameila yote. Hata kufa hawakufa. Duka la Mhindi kule mjini halikuwa na gundi ya namna ile, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila jioni.

"Nitashona," nikasema.

Tukang'oa spoku moja ya gurudumu kwenye baiskeli ya karani, tukaipasha moto kwenye jiko, nikatoboa matundu kwenye zile mbao, moja moja. Nyuzi za ukindu nikazichana mpaka zikawa nyembamba kama nywele. Kazi ya karani ikawa kushika. Alishika kila ubao pale nilipomwambia, asitikisike, asiulize, jasho linamtiririka puani. Mara kadhaa spoku ilipita kwenye ubao ikamfikia kidole. Alisema "ss!" na kuendelea kushika. Fundo nililofunga lilikuwa la baba. Yeye alikuwa mashoto, na fundo lake lilizungukia kushoto. Mimi si mashoto, lakini sikuwahi kuona fundo lingine likifungwa kwenye mtumbwi, kwa hiyo nikafunga vile vile.

Siku karani na shangazi walipoileta kwetu, ngurumo zilisikika tangu asubuhi. Baba alikuwa ameketi barazani na majirani wawili, wazee wenzake. Karani akapiga magoti. "Shikamooni wazee." Wakaitikia marahaba. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Shangazi akaweka ungo mbele yao, akaifunua meli iliyokuwa juu yake.

Mzee mmoja akainama kutazama nyuma ya ungo. "Nyingine iko wapi?"

"Posta," shangazi akasema.

Karani akaeleza vizuri, kwa adabu, kwamba ni kipande cha katikati, ili mtu aone ndani. Mzee wa pili akasema ndivyo watu wanavyokata kambare kwa ajili ya sufuria, lakini hajawahi kumsikia mtu aliyeposa kwa kipande cha kambare. Wakacheka wote wawili. Baba hakucheka. Alikuwa ameisogeza meli karibu na macho, anatazama mle ndani, sakafu juu ya sakafu, mbavu na mapipa. Meli za moshi alikuwa ameziona bandarini miaka mingi, kwa nje tu. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, mpaka kwenye fundo. Hapo kidole kikasimama.

Akatoa uzi wa ukindu mfukoni, akampa karani. "Nifungie fundo kama hili."

Karani akauangalia ule uzi. Nikasema moyoni, funga, mjinga wewe, funga hata la kufungia mbuzi, umelitazama wiki mbili nzima! Akauweka uzi chini.

"Siwezi, mzee. Aliyeshona ni binti yako. Na mbao na mbavu ni yeye."

Nilitaka kumpiga kwa sinia. Hakuna aliyemlazimisha! Nikaiona Magu, nikawaona na wale wake wenza wakinikabidhi ndoo ya kukamulia.

"Nilikwambia kitu ulichotengeneza kwa mikono yako," baba akasema. "Hii mikono yako ilifanya nini?"

"Ilishika ubao usicheze, mzee."

Baba akamshika mikono, akaigeuza. Vidole vilikuwa na vidonda vya moto, vipya na vya zamani. Akavihesabu kwa midomo bila sauti. "Na hukuachia?"

"Angenigombeza, mzee."

Wale wazee wakaangua kicheko tena, na safari hii hata baba alikunja mdomo. Kisha akanigeukia, uso mkavu. "Na wewe unamtaka mwanaume asiyeweza kufunga fundo?"

Binti mwenye adabu angeinamisha kichwa. "Namtaka," nikasema. "Mwenye kufunga mafundo nyumbani atakuwepo."

Shangazi akajiziba mdomo kwa kanga. Baba akaitazama tena meli, akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu aliyefika kwake siku hiyo kwa mara ya kwanza. Akamwambia karani:

"Haya, mchukue. Ila mahari utanitolea ya fundi, si ya msichana."

Nikaweka sinia chini, nikakimbilia jikoni, nikalia mpaka ugali ukaungua.