Mawese Miguuni mwa Diwani

Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, amalize kabisa, ndipo nianze. Sitaki kukatizwa katikati. Mimi ni mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Singida, na sijawahi kumpelekea mganga hata yai. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Kasulu, na ushahidi wake ninaishi nao nyumba moja mpaka leo.

Nilikuwa nimepata uhamisho kutoka Kibondo. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaniachia mtoto mmoja, Tumaini, aliyekuwa darasa la pili, koti lake la kaki, na paka. Paka huyo alimleta mwenyewe kutoka shambani, kachanga, kamejikunyata ndani ya lile koti, akakapa jina la Diwani. Kwa nini Diwani? Kwa sababu, alisema, huonekana wakati wa kula tu. Paka akakua, na kila siku akalala juu ya koti lile lile. Baba alipoondoka, Tumaini naye akawa analaza shavu lake hapo hapo, na yote ambayo hakuniambia mimi, alimwambia paka. Habari za uhamisho zilipokuja hakuuliza shule wala marafiki. Aliuliza, "Na Diwani tunaenda naye?" Nikamwahidi. Mzazi mwenzangu, unajua ahadi kwa mtoto aliyefiwa ina uzito gani.

Basi kumhamisha paka si kazi ndogo. Watu husema mbwa ni wa mtu, paka ni wa nyumba. Mama Jeni, jirani yangu wa Kibondo, alisisitiza nimtie Diwani kwenye mfuko wa salfeti asione njia, na tukivuka daraja la Malagarasi nimzungushe mfukoni humo mpaka asijue alikotoka. Nilimzungusha, mwalimu mzima wa sayansi! Dereva wa Fuso alinitazama, akarudi kwenye usukani wake. Nadhani sikuwa mwalimu wa kwanza kumbeba.

Nyumba mpya ilikuwa upande wa kwenda Kabanga, sakafu ya saruji na mlango imara wa mbao. Diwani alipotoka mfukoni alijichimbia nyuma ya kabati. Dagaa hakugusa, maziwa hakugusa. Tumaini akaisukuma sahani yake kando. "Nitakula Diwani akila," akasema. Nilidhani ni kudeka tu. Lakini kesho yake naye hakula, na keshokutwa nilipomlazimisha uji akautapika. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nimeshazika mmoja, na huyu wa pili mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Jumamosi mvua ilianza mapema mchana. Nilikuwa jikoni nahangaika na mkaa uliolowa, nikasikia, "Hodi." Nikaitikia, "Karibu, pita!" bila hata kugeuza shingo. Kwetu hodi huitikiwa kwanza, mtu akatazamwa baadaye. Na mgeni wa mji asiyejua mtu, akisikia hodi si anafurahi?

Nilipofika sebuleni alikuwa ameshaketi mkekani. Mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, miguu peku. "Mwidiwe," akanisalimu kwa Kiha, salamu ya alasiri, nami nikaitikia kama nilivyozoea Kibondo. Kisha nikaitazama miguu yake. Udongo wa Kasulu unaujua? Mwekundu, na mvua ikinyesha unanata mpaka kiatu kinakuwa mzigo. Miguu ya yule mama haikuwa hata na doa. Nikajiambia labda amenawa kwenye maji ya michirizi ya bati. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

"Nimesikia mna mgeni hataki kula," akasema. Nani kamwambia? Sikuwa nimemweleza mtu yeyote. Kabla sijauliza, Diwani akatoka nyuma ya kabati, mwenyewe, bila kuitwa, akaenda kuketi mbele yake. Wakatazamana, macho hayapepesi. Niamini, wivu ulinishika kabla ya hofu. Siku zote zile mimi nambembeleza kwa dagaa, mwenzangu hata hajanyoosha mkono!

"Leta mawese," akaniambia. Nikaleta chupa. Akamiminia kiganjani, akampaka Diwani nyayo zote nne, taratibu, huku akimnong'oneza. "Atajilamba," akasema, "na akijilamba atasahau alikotoka." Akamgeukia Tumaini. "Anaitwa nani?" Mtoto akamtajia. "Na wewe je?" Akamtajia na lake.

Ndipo yule mama akanyanyua mkono wake wenye mawese, akaanza kuulamba. Si ncha za vidole, kama wewe na mimi tunavyolamba mchuzi. Alilamba nyuma ya kiganja, polepole, akakipitisha juu ya sikio lake, akakilamba tena. Tumaini akacheka, akidhani ni mchezo. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba, na kwa ajili ya kicheko kile nilifunga mdomo wangu.

"Unakaa wapi, mama?" niliuliza.

"Hapa hapa."

Nikarudisha chupa jikoni. Niliporudi hayupo, na mlango wangu ule mzito sikuusikia ukilia. Lakini jioni ile Diwani alikula dagaa, na Tumaini akala ugali mpaka akaomba nyongeza. Nililia kwa furaha, huku nikijikaripia kwa kumshuku mtu aliyenitendea wema.

Asubuhi nikaziona nyayo. Nyayo nyekundu za paka zilitoka nyuma ya kabati, zikavuka sebule, zikaishia kizingitini. Zote zilielekea nje, hakuna hata moja iliyorudi. Komeo lilikuwa kama nilivyolifunga, madirisha vilevile. Naye Diwani alikuwa kitandani kwa Tumaini, nyayo safi. Nikapiga deki. Amejilamba, nikasema, si ndivyo tulivyotaka?

Tangu hapo nikawa namchunguza. Alikula, alicheza, alimfuata mtoto kila aendako. Ila koti la marehemu lilikuwa mkekani mahali pake, na yeye hakulikanyaga. Nikalitandaza katikati ya njia ya kwenda jikoni. Akafika, akasimama, akalizunguka. Nikalisogeza, akalizunguka tena. Halafu akaketi, akanitazama mimi, akaanza kulamba nyuma ya mkono wake. Ndiyo, paka wote hulamba. Lakini nilikuwa nimeshaona nani mwingine anayelamba hivyo.

Siku hiyo hiyo Mama Jeni akapiga simu kutoka Kibondo. "Mwalimu, umemwacha Diwani kwa nani?"

"Diwani yuko hapa."

"Oya, hayuko huko, mwalimu wee! Huyu hapa kwenye kizingiti chenu cha zamani, analia tangu juzi. Na miguu yake sijui kakanyaga wapi mawese."

Akanitumia picha. Sikio lililochanika, doa jeusi chini ya kidevu, nyayo nyekundu. Nikainua macho. Aliyekuwa mapajani mwa Tumaini alikuwa na sikio lile lile lililochanika na doa lile lile. Hakuwa anasinzia. Alikuwa akinitazama.

Nikaenda kwa Mama Elia, Muha wa hapa hapa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anayeuza maharage. Nikamweleza yule mama wa kitenge cha kijani. Akaacha kupepeta.

"Alipiga hodi, ukamwambia karibu?"

"Nilimwambia."

"Ulikuwa umemwona?"

"Sikuwa nimemwona."

Akatikisa kichwa. "Sisi hatumkaribishi mtu tusiyemwona, mwalimu. Tunauliza, ni nani, wa kwa nani? Mtu atataja jina lake, atataja na la baba yake. Yule hana wa kumtaja." Akainama kwenye ungo wake. "Mpangaji aliyekutangulia naye alisaidiwa. Alikuwa na kitoto kinalia mchana kutwa. Akaja mama, akakibembeleza, kikanyamaza."

"Kikafa?"

"Oya! Walihama nacho, kinene, kizuri. Lakini mama yake, mpaka anapanda gari, alikuwa anasema huyu si wangu."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliamua kumfuata Diwani wangu Kibondo kesho yake, niende na kurudi, halafu nitafute nyumba nyingine. Tumaini alikataa katakata kufuatana nami. "Diwani si huyu hapa?" akasema, akilia. Nikamwacha kwa Mama Elia. Kile kiumbe nikakifungia ndani, nikatia kufuli, ufunguo nikauweka kifuani. Nikamwambia mtoto asiondoke barazani kwa Mama Elia. Nilidhani nimemaliza.

Koti nilikwenda nalo. Kibondo, kizingitini pale, nililishika tu mkononi, na Diwani akalirukia, akajitumbukiza ndani kama alipoletwa siku ya kwanza. Hakuhitaji salfeti. Safari nzima alilala ndani ya koti la bwana wake akikoroma, na mimi nilishukuru kwa machozi.

Nilipofika Kasulu mvua ilikuwa imetoka kukatika, na jua lilikuwa bado lipo. Mama Elia alinikimbilia njiani. "Nisamehe, mwalimu. Alikuwa anacheza hapa barazani. Mvua ikadondoka, nikakimbilia kuanua maharage, kutoka tu, hayupo. Nimemkuta mlangoni kwenu."

Tumaini alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu, ametulia. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo, mama."

"Nilikuambia usiondoke!"

"Yule mama alikuwa anapiga hodi kwetu," akasema, "nikaenda nikamwambia karibu."

Kutoka baraza la Mama Elia mpaka mlango wangu ni tope tupu. Nikaitazama miguu ya mwanangu. Ilikuwa safi.

Wakati huo huo Diwani akachomoza kichwa kwenye koti. Nilitegemea atamrukia. Akamwona, manyoya yakamsimama kuanzia shingo mpaka mkia, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, akanikwaruza kifua na kukimbilia juu ya paa. Nilifungua kufuli. Ndani hapakuwa na paka, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Tulihama juma lile lile. Leo Tumaini yuko darasa la sita. Anakula vizuri, halii, hasumbui, darasani anaongoza, na walimu wenzangu wananipongeza kwa malezi. Mimi nashukuru, nageuza mazungumzo. Huyu mtoto hajawahi kuniuliza lile koti liko wapi. Diwani sasa ni mzee, hulala juu ya sanduku nilimolifungia, na Tumaini akiingia mlangoni, paka huyo hutoka kupitia dirishani. Labda alinusa tu harufu ya yule mama aliyempaka mawese. Labda siku ile mtoto alipita kwenye majani, miguu ikabaki safi. Nimeshajipa majibu yote haya, na ni mimi niliyeyatunga.

Njia ya kujua ipo, nayo ni rahisi. Nilitoe koti, nilitandaze sakafuni, nimwite aje jikoni, nione kama atalikanyaga au atalizunguka. Ufunguo wa sanduku ninao hapa kiunoni. Miaka yote hii sijaugusa. Nampikia, namsuka nywele, namfunika akilala, na sitaki kujua.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, hodi ikipigwa nawe humwoni mtu, usiwe mwepesi wa karibu kama mimi. Uliza ni nani, wa kwa nani. Na ukishajua hivyo, mfundishe na mwanao siku hiyo hiyo. Mimi nilifunga mlango, nikatia kufuli, nikaondoka na ufunguo, na neno hilo moja nikasahau kumwambia wangu.