Siku Niliyompeleka Bibi Harusi kwa Gia Namba Moja

Hii aibu nimeikalia kimya muda mrefu, ila kwa kuwa nusu ya watu wa mji wetu wa Mhunze waliiona kwa macho yao, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi.

Ilikuwa harusi ya wifi yangu Minza, dereva wa pikapu ya baba mkwe akaamka na homa, watu wakaanza kuulizana nani ataendesha, nami nikajibu, "Naendesha mimi," maana leseni ninayo (ila nilijifunzia gari la oto, lile unaweka D na kukanyaga mafuta), nikajiambia gari ni gari.

Lile lilikuwa la gia. Minza amekaa katikati, gauni limefunika mkono wa gia, baba mkwe yuko mlangoni, wapambe nyuma wanaimba, nami nachomeka gia inalia kama mfupa unasagwa. Tukafika sokoni kwa kurukaruka, na ilikuwa siku ya mnada, gari likazima katikati ya ng'ombe. Nikawasha, likazima tena. Nikalazimisha gia nyingine, kumbe rivasi, tukarudi nyuma tukapanda matenga ya nyanya ya mama mmoja (zile nyanya tulizichukua zote, zikaishia kwenye mchuzi wa harusi, naye akaja kula). Wapambe wakashuka mmoja mmoja, wakaamua kutembea.

"Wifi, padri ananisubiri," Minza akasema, machozi yanachora poda.

Baba mkwe, ambaye namsalimia kwa kupiga goti na sijawahi kumtazama usoni, akaniita "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma.

"Abee, baba."

"Kanyaga klachi mpaka chini. Weka moja. Sasa inua mguu polepole, ukisikia gari linatetemeka, ongeza mafuta kidogo. Hakuna anayekufukuza."

Likaondoka. Akasema niweke mbili, nikakataa (ndiyo, nilimkatalia baba mkwe), tukaenda na moja hadi kanisani, injini inapiga kelele, baiskeli zinatupita, wapambe wameshafika wanatupungia mikono, na Minza akaanza kucheka mpaka padri akacheka naye.

Baada ya harusi mzee akanifundisha kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, jioni baada ya jioni, bila kunigombeza. Sitasema tena naweza kabla sijachungulia chini nione gari lina pedeli ngapi.

Juzi nimempeleka Minza, sasa mjamzito, kliniki Kolandoto kwa pikapu ileile, na njia nzima alikuwa amelala.